Kufanyia Kazi Nyumbani au Kurudi Ofisini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waajiriwa na Waajiri

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya waajiriwa na waajiri wa Tanzania na Kenya ambao kazi zao, au sehemu ya kazi zao, zinaweza kufanyika mahali popote penye umeme na mtandao. Muuguzi wa wodini, dereva wa daladala, mpishi wa hoteli na fundi wa kiwandani hawana mjadala huu, na ni vyema wanaoujadili wakakumbuka kwamba wao ni sehemu ndogo ya wafanyakazi wa nchi zetu. Hata hivyo, ndani ya sehemu hiyo ndogo migogoro ni mingi, na sehemu kubwa ya migogoro hiyo huzaliwa pale jambo lililopaswa kuandikwa linapoachwa mdomoni.

Kwa nini waajiri wengi sasa wanawaita watu warudi ofisini?

Wazo la kufanyia kazi nyumbani ni la zamani kuliko Uviko-19. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mhandisi wa Marekani, Jack Nilles, alikuwa tayari akipendekeza kwamba kazi imfuate mfanyakazi alipo badala ya mfanyakazi kuifuata kazi katikati ya foleni. Janga ndilo lililolitoa wazo hilo kwenye makaratasi. Nchini Kenya, tarehe 15 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alihimiza ofisi za serikali na kampuni ziwaruhusu watumishi wao kufanyia kazi nyumbani, isipokuwa wale wa huduma muhimu. Tanzania haikufunga shughuli zake kwa namna hiyo, kwa hiyo wengi waliozoea utaratibu huu waliupata kwenye mashirika ya kimataifa, taasisi za fedha na kampuni za teknolojia, wala hawakuupokea kama amri ya serikali.

Wimbi la kurudi limeanzia kwa wakubwa wa Marekani. Amazon iliwataka watumishi wake wa ofisini waingie siku tano kwa wiki kuanzia tarehe 2 Januari 2025, na tarehe 20 ya mwezi huohuo Rais Donald Trump aliagiza watumishi wa serikali kuu ya nchi hiyo warudi kwenye vituo vyao vya kazi. Waajiri wa kwetu husoma habari hizo na wengine huiga. Nawasihi wasiige kabla ya kujiuliza, kwa sababu sababu za Seattle, makao ya Amazon, na za Washington si lazima ziwe sababu za Upanga au Westlands.

Je, mwajiri anaweza kunilazimisha nirudi ofisini?

Jibu linategemea kile kilichoandikwa kwenye mkataba wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 zote zinataka maelezo ya maandishi anayopewa mwajiriwa yataje mahali pa kazi. Zote pia zinaeleza kwamba jambo lililotajwa humo likibadilika, mwajiri ashauriane na mwajiriwa, ayarekebishe maandishi ili yaendane na mabadiliko, na amjulishe mwajiriwa kwa maandishi. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005, hivyo msomaji wa Unguja au Pemba aanzie huko.

Iwapo mkataba wako unataja ofisi ya Posta au ya Upper Hill, na ulikwenda nyumbani kwa waraka uliosema wazi kwamba ni hatua ya muda, basi kukuita urudi ni kuurejesha mkataba ulivyokuwa. Unaweza kuomba muda wa kujipanga na mwajiri mwenye busara atakupa, lakini hoja ya kwamba umebadilishiwa masharti haitakuwa na nguvu. Iwapo uliajiriwa kwa barua inayosema utafanyia kazi nyumbani kwako Moshi au Eldoret, hali ni tofauti kabisa: kukutaka uhamie Dar es Salaam au Nairobi ni kubadilisha sharti la msingi, na mashauriano hayakwepeki.

Wenye hali ngumu ni wale walio katikati, ambao mkataba wao unataja ofisi lakini kwa miaka kadhaa wamekaa nyumbani kwa ridhaa ya mwajiri bila waraka wowote. Hapo pande zote mbili zina hoja. Kitakachoamua ni ushahidi uliobaki: barua pepe za meneja, tangazo la kazi ulilojibu, mazungumzo ya usaili yaliyothibitishwa kwa maandishi, au kompyuta na kiti ulivyopewa na kampuni kwa matumizi ya nyumbani. Mtu aliye katika hali hii aanze leo kukusanya na kutunza nyaraka hizo, na asisubiri siku ya mgogoro ambapo huenda akaunti yake ya barua pepe itakuwa imefungwa.

Nikikataa, naweza kufukuzwa?

Kukataa agizo halali la mwajiri ni kosa la kinidhamu, na kwa hiyo ndiyo, unaweza kufika huko. Lakini hata hapo mwajiri haruhusiwi kuruka taratibu: anapaswa kuwa na sababu halali, akueleze tuhuma, na akusikilize kabla ya kuamua. Nchini Tanzania, anayeona ameachishwa kazi isivyo haki hupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na muda huo ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Nchini Kenya mashauri ya aina hii huishia Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Usiandike barua ya kujiuzulu kwa hasira. Sheria ya Tanzania inatambua kwamba mtu anaweza kulazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike, na ikathibitika hivyo, kuacha huko huhesabiwa kuwa ameachishwa na mwajiri. Ila mzigo wa kuonyesha kwamba hali haikuvumilika unamwangukia aliyeondoka. Pata ushauri wa chama chako cha wafanyakazi au wa mwanasheria kwanza, kisha ndipo uandike.

Wanaokaa nyumbani wanafanya kazi kweli?

Hili ndilo swali ambalo mameneja huuliza wakiwa wamekwisha kulijibu moyoni, na ndiyo maana nitakaa nalo zaidi. Ushahidi bora tulionao umetoka kwenye kampuni ya usafiri ya Trip.com, iliyoanzishwa Shanghai, ambayo ilikubali kuwagawa watumishi wake kwa bahati nasibu ili tofauti ionekane bila upendeleo. Katika jaribio la kwanza, lililoongozwa na mchumi Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wakati kampuni ikiitwa Ctrip, wapokea simu walioomba kufanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki kwa miezi tisa waliongeza ufanisi kwa asilimia 13. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na dakika nyingi zaidi walizofanya kazi, kwa maana mapumziko yalipungua na siku za kuugua zilipungua pia. Idadi ya walioacha kazi ilishuka kwa nusu.

Jaribio la pili lilihusu wahandisi, watu wa masoko na watu wa fedha 1,612, ambao baadhi yao waliruhusiwa kubaki nyumbani siku mbili kwa wiki. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature, hayakuonyesha tofauti yoyote katika tathmini za utendaji wala katika kupandishwa vyeo, lakini kuacha kazi kulipungua kwa theluthi moja, hasa miongoni mwa wanawake, wasio mameneja, na wale wanaosafiri mbali kufika ofisini. La kuzingatia zaidi ni mameneja wenyewe: kabla ya jaribio walitabiri kwamba ufanisi utashuka, na lilipokwisha walikuwa wamebadilisha maoni yao.

Kwa mwajiri wa hapa, theluthi hiyo ina maana ya fedha. Kumpata mhasibu mwenye sifa, kumfanyia usaili, na kumsubiri miezi kadhaa ajue mifumo ya kampuni ni gharama ambayo haionekani kwenye kitabu chochote cha hesabu, lakini inalipwa kila mtu mzuri anapoondoka kwa sababu amechoka kuamka saa kumi usiku kuwahi gari la kutoka Mbagala au Rongai.

Kama ni hivyo, ofisi ya nini tena?

Ofisi ina kazi yake, na wanaotetea nyumbani hujidhoofisha wanapoikana. Katika jaribio lile la kwanza la Ctrip, watumishi walipopewa nafasi ya kuchagua upya, zaidi ya nusu walibadilisha chaguo lao, na waliorudi ofisini walitaja upweke. Utafiti wa Microsoft uliochapishwa mwaka 2021, uliopitia mawasiliano ya watumishi wake zaidi ya 61,000 wa Marekani, uligundua kwamba watu walipotawanyika majumbani walizidi kuwasiliana na wale wa kundi lao wenyewe na kupungukiwa na mawasiliano na idara nyingine.

Anayeumia zaidi ni kijana aliyeajiriwa juzi. Mhasibu wa miaka 15 kazini anaweza kufunga hesabu za mwezi akiwa sebuleni kwake, kwa kuwa makosa yote amekwisha kuyafanya na kusahihishwa. Mhitimu wa mwaka jana anajifunza kwa kumsikia mkubwa wake akizungumza na mteja mkali, kwa kuuliza swali dogo ambalo angeona haya kulipigia simu, na kwa kurekebishwa kabla kosa halijafika kwa mkurugenzi. Mkongwe anayedai haki ya kukaa nyumbani siku zote tano ajiulize nani atamfundisha huyo kijana, maana yeye mwenyewe alifundishwa na mtu aliyekuwa meza ya pili.

Siku ngapi ofisini zinatosha?

Kwa kazi nyingi za mezani naona siku mbili au tatu zinafaa, kwa sharti kwamba timu nzima inaingia siku zilezile. Kumtoa mtu Kitengela hadi katikati ya Nairobi ili akae peke yake kwenye chumba tupu akihudhuria vikao vya mtandaoni ni kupoteza nauli yake na umeme wa kampuni. Siku za ofisini zipangiwe mafunzo, mapitio ya kazi, mazungumzo magumu na kupokea wageni. Siku za nyumbani zipangiwe kuandika ripoti, kuchambua hesabu na kazi nyingine zinazohitaji utulivu.

Nani alipie bando, umeme na vifaa?

Hapa ndipo mjadala wetu unapotofautiana na ule wa Ulaya, na ndipo waajiriwa wengi wanapoumia kimyakimya. Mfanyakazi akiwa ofisini, mwajiri hulipia intaneti, umeme, jenereta, maji ya kunywa, kiti na wino. Akihamia nyumbani, gharama hizo hazipotei, zinahama mfuko. Ureno ilirekebisha sheria yake ya kazi mwishoni mwa mwaka 2021 na kumtaka mwajiri afidie gharama za ziada anazoingia mfanyakazi wa nyumbani. Kwetu, mengi yanategemea makubaliano, na kwa hiyo yasipoandikwa hayapo.

Ninachopendekeza ni posho ya kila mwezi iliyotajwa kwa kiasi, inayotosha kifurushi cha intaneti cha nyumbani na sehemu ya umeme, pamoja na kompyuta ya kampuni yenye betri nzima. Mwajiri asiyetaka kulipa posho hiyo kwa hoja kwamba mtu anaokoa nauli afanye hesabu kamili, kwa sababu bando la simu linalotosha mazungumzo ya kawaida ya familia haliwezi kubeba vikao vya video kila siku.

Pia lazima pande zote mbili zikubaliane mapema nini kitatokea umeme au mtandao usipokuwepo. Waliokuwa Tanzania wakati wa mgao wa umeme mwishoni mwa 2023, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024, wanajua ilivyo kukaa na kazi ya saa nane na betri ya saa tatu. Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani. Oktoba 2025, wakati wa Uchaguzi Mkuu wa Tanzania, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Katika hali kama hizo mfanyakazi wa nyumbani hana kosa lolote, na si haki akatwe siku au aandikwe mtoro. Makubaliano yaseme atoe taarifa kwa simu au ujumbe mfupi, aende ofisini iwapo ofisi ina jenereta na njia inapitika, na ikishindikana siku hiyo ihesabiwe kuwa ya kazi.

Naweza kupunguziwa mshahara kwa sababu nakaa nyumbani?

Si kwa uamuzi wa upande mmoja. Mshahara ni sharti la mkataba, na sheria za nchi zote mbili zinaweka mipaka ya makato. Posho ya usafiri inaweza kujadiliwa upya ikiwa mkataba unaonyesha kwamba ililipwa kwa ajili ya safari ya kila siku, lakini nayo ijadiliwe kwa maandishi, na mara nyingi njia ya haki ni kuigeuza kuwa posho ya mawasiliano.

Meneja anataka kamera iwashwe siku nzima na ameweka programu ya kufuatilia kompyuta. Ni sawa?

Mwajiri ana haki ya kulinda vifaa na siri za kampuni. Hana haki ya kuingia sebuleni kwako bila sababu ya msingi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na katika zote mbili anayekusanya taarifa za mtu anapaswa kuwa na kusudi halali, amweleze mhusika, na asikusanye zaidi ya kinachohitajika. Kamera inayowaka kwa saa nane hunasa watoto, wageni na wagonjwa wa nyumbani ambao hawakusaini mkataba wowote na kampuni hiyo.

Zaidi ya sheria, meneja anayehesabu mibofyo ya kipanya amekwisha kukiri kwamba hajui kazi ya mtu wake ipimwe vipi. Akae naye waandike matokeo yanayotarajiwa kwa wiki: ripoti zipi, wateja wangapi, hesabu zipi zifungwe lini. Mvivu ataonekana ndani ya mwezi mmoja, na atachukuliwa hatua kama mvivu wa ofisini.

Ujumbe wa kazi unaingia saa tano usiku. Lazima nijibu?

Saa za kazi hazibadiliki kwa sababu meza imehamia nyumbani. Nchini Tanzania saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki na tisa kwa siku, na saa za ziada zinahitaji makubaliano, zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Hata hivyo, watumishi wa ngazi ya juu ya uongozi wako nje ya kinga hiyo. Ufaransa imekuwa na sheria ya haki ya kujitenga na mawasiliano ya kazi tangu mwaka 2017, na nchini Kenya Seneta Samson Cherargei aliwasilisha muswada wenye lengo hilohilo. Bila kusubiri wabunge, kampuni inaweza kuandika sentensi moja kwenye sera yake: ujumbe uliotumwa baada ya saa za kazi utajibiwa asubuhi, isipokuwa dharura, na dharura ni kupiga simu.

Nikiumia nikiwa nafanya kazi nyumbani, nitalipwa fidia?

Sheria za fidia, yaani ya Tanzania ya mwaka 2008 inayosimamiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na ya Kenya ya mwaka 2007, huangalia kama jeraha limetokana na kazi na limetokea wakati wa kazi. Ugumu wa nyumbani ni kuthibitisha. Mkataba ukitaja nyumba yako kuwa mahali pa kazi na ukaonyesha saa zako, umepiga hatua kubwa. Toa taarifa kwa mwajiri siku hiyohiyo.

Nina mtoto mchanga. Naweza kuomba nibaki nyumbani?

Unaweza kuomba, na mwajiri mwema atakubali pale kazi inaporuhusu. Hata akikataa, una haki nyingine ambazo akina mama wengi hawazidai. Sheria ya Tanzania inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wake ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea kazini. Mama anayekaa dakika 90 barabarani hawezi kuitumia ipasavyo ile ruhusa ya saa mbili, na hoja hiyo iandikwe waziwazi kwenye ombi lake. Niongeze pia kwamba kufanyia kazi nyumbani hakuondoi hitaji la msaidizi wa mtoto. Bosi na familia wote wanapaswa kulielewa hilo.

Kuna serikali yoyote ya ukanda wetu iliyojaribu njia ya katikati?

Rwanda. Kuanzia Januari 2023 saa rasmi za kazi zilihamishwa kuwa saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na saa moja ya kabla ya hapo ikaachwa iwe ya kunyumbulika, ambayo mtumishi anaweza kuifanyia kazi alipo. Ni hatua ndogo, lakini imefanywa na serikali nzima kwa kutazama maisha ya familia, na jiji lolote lenye foleni za asubuhi linaweza kujifunza hapo.

Nimepewa notisi ya wiki mbili kurudi ofisini siku zote tano. Nianzie wapi?

Soma mkataba wako na kila barua iliyoufuata, utafute maneno yanayotaja mahali pa kazi. Kisha andika barua fupi na ya heshima kwa afisa rasilimali watu, ukitaja kazi ulizokamilisha katika miezi sita iliyopita, sehemu za kazi zako zinazohitaji uwepo wa ofisini na zile zisizohitaji, na siku unazopendekeza. Omba majaribio ya miezi mitatu yenye vipimo mtakavyovikubali pamoja, kwani ni rahisi kwa meneja kukubali jaribio kuliko kukubali utaratibu wa kudumu. Kama mko wengi wenye hoja hiyo, pitieni kwa chama cha wafanyakazi au kwa mwakilishi wenu. Wakati unasubiri jibu, ingia ofisini siku iliyotajwa kwenye notisi, isipokuwa mwanasheria wako amekushauri vinginevyo, na jibu likija kwa mdomo, liandikie barua pepe ya kulithibitisha kabla ya kutoka kazini siku hiyo.